Neno kwa Neno: Uwiano si ulinganifu

Madarasa ya kuchora mtu hai yamelikumbatia neno "ulinganifu" kupita kiasi. Mwanafunzi akichora kichwa kikubwa kama boga, ataambiwa mchoro wake "hauna ulinganifu". Hapana, jamani, kilichoharibika ni uwiano. Ulinganifu umetokana na kulinga, yaani kuweka vitu sawasawa: jicho la kushoto na la kulia, bega kwa bega. Uwiano asili yake ni kuwia, kitenzi kile kile cha "niwie radhi": jinsi kitu kimoja kilivyo kwa kingine. Mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake kama 7 na nusu. Mtoto mchanga, 4 hivi. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, pima kichwa kwa penseli, kisha hesabu ukishuka hadi unyayoni. Huo ndio uwiano.

Sasa mtazame aliyeegemea mguu mmoja: nyonga imepanda, bega limeshuka. Ulinganifu hana, uwiano anao wote. Anayeanza, kwa kuhimizwa "ulinganifu", humnyoosha mtu wa watu mpaka awe mlingoti! Walimu wa sanaa, kichwa kikizidi, semeni uwiano.