Kituo cha Gari la Moshi cha Ubundu

Mtu ashukaye mto Lualaba kwa mashua toka Kindu hufika Ubundu, na hapo safari ya maji hukatika. Mbele yake yako maporomoko saba ya Boyoma, mpaka Kisangani. Mashua yenye mizigo haipiti. Ndiyo sababu kituo kilijengwa pale, si penginepo.

Kabla ya reli mizigo ilipita maporomoko hayo juu ya mabega ya watu. Mwaka 1902 ikaundwa kampuni ya reli iliyoitwa kwa kifupi CFL, nayo ikaanza na kipande hiki: kilometa 125, toka Stanleyville (ndiyo Kisangani) mpaka Ponthierville (ndiyo Ubundu). Kilifunguliwa 1906, wakati wa dola ya Leopold. Wengi waliokata msitu ule na kulaza vyuma hawakuja kwa hiari yao.

Baadaye zikaja njia za Kindu na Kongolo, na mwaka 1915 ile ya Kabalo mpaka ziwa Tanganyika. Basi, mzigo wa Kisangani uliweza kufika ziwani: treni, mashua, treni, mashua, tena treni. Kila badiliko ni kushusha na kupakia upya! Twapenda kusema reli iliyapumzisha mabega. Huko Ubundu iliyapumzisha nusu tu. Tena njia hii ina upana wa meta moja, na katika miaka ya 1950, zile za Kindu na Kabalo zilipopanuliwa zipate kuungana na za Katanga, yenyewe iliachwa ilivyo, peke yake msituni.

Mwaka 1997, wakati wa vita, wakimbizi wa Rwanda waliotoka Tingi-Tingi walifika Ubundu kwa miguu. Wakavuka mto kwa mitumbwi, wakaishika reli kuelekea Kisangani, wakitembea juu ya mataruma. Wengi walikwama katika makambi kando ya njia, Kasese na Biaro, wenye njaa na wagonjwa. Na huko wengi waliuawa. Waliosalia wakaanza kuchukuliwa kwa treni mpaka Kisangani, ili warudishwe kwao kwa ndege. Tarehe 4 Mei wale wa Biaro walisongamana mno katika mabehewa. Treni ilipofika Kisangani, watu 91 walikutwa wamekufa, wengine kwa kukosa hewa, wengine kwa kukanyagwa.