Chuo cha Kijeshi cha Sandhurst

Sandhurst ndiko Jeshi la Nchi Kavu la Uingereza linakowapika maofisa wake. Chuo kipo Berkshire, jirani na mji wa Camberley, na majengo yake ya kwanza yalianza kutumika mwaka 1812. Kilianzishwa kulihudumia jeshi la mfalme mmoja, lakini katika karne ya 20 kikatoa marais, wafalme na wakuu wa majeshi wa nchi nyingi zilizokuwa zikijitoa chini ya Waingereza hao hao.

Hapo awali, cheo cha ofisa katika vikosi vingi vya Uingereza kilinunuliwa kwa fedha. Mzazi mwenye uwezo alimlipia mwanawe, kijana akapewa askari wa kuwaongoza hata kama hajui kusoma ramani. John Gaspard Le Marchant, ofisa wa kikosi cha farasi, aliuona udhaifu huo katika vita dhidi ya Wafaransa na kuisukuma serikali ifungue shule. Mafunzo ya maofisa waliokwisha kuwa kazini yakaanza High Wycombe mwaka 1799, na ya vijana Marlow mwaka 1802. Mwanzilishi huyo hakupata nafasi ya kuyafaidi majengo mapya: aliuawa Salamanca, Hispania, Julai 1812. Biashara ya vyeo ilifutwa mwaka 1871.

Wapiga mizinga na wahandisi walikuwa na chuo chao Woolwich tangu 1741. Vyote viwili vilifungwa vita vilipoanza mwaka 1939, vikaunganishwa Sandhurst mwaka 1947. Wanawake walianza kufundishwa hapo miaka ya 1980. Siku hizi kozi kuu huchukua wiki 44.

Wanaowanyoosha wanafunzi siku kwa siku ni masajini. Kwa desturi, sajini humwita mwanafunzi “bwana” huku akimfokea kwa buti lisilong’aa. Mashuhuri kuliko wote ni Sajini Meja John Lord, aliyesimamia nidhamu ya chuo tangu 1948 hadi 1963. Alitekwa na Wajerumani Arnhem mwaka 1944, na akiwa kambini aliwarudishia mateka wenzake nidhamu ya kijeshi: usafi, kwata, na mazishi ya heshima kwa waliofariki. Kwa vijana wa Sandhurst, maneno ya mtu wa namna hiyo yalikuwa na uzito ambao kitabu hakiwezi kuwa nao. Gwaride la kuhitimu nalo lina kilele chake: maofisa wapya wakishaingia ndani kwa mwendo wa pole, ofisa anayelisimamia huwafuata akiwa juu ya farasi, akapanda naye ngazi za mawe hadi mlangoni.

Winston Churchill aliingia mwaka 1893 baada ya kufeli mtihani mara mbili, tena kwa alama zilizotosha kikosi cha farasi tu, jambo lililomuudhi baba yake. Bernard Montgomery, mshindi wa El Alamein mwaka 1942, nusura afukuzwe kwa kushiriki kumchoma moto mwenzake katika mchezo wa kikatili. Hussein wa Jordan alikuwa ameshatangazwa mfalme alipokuwa akipiga kwata hapo mwaka 1952.

Nigeria inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Chukwuma Nzeogwu, mhitimu wa Sandhurst, aliongoza mapinduzi ya Januari 1966 huko Kaduna. Yakubu Gowon, mhitimu mwingine, akashika nchi baada ya mapinduzi ya Julai mwaka huo. Vita vya Biafra vilipoanza mwaka 1967 walikuwa pande mbili tofauti, na Nzeogwu akauawa vitani. Gowon aliondolewa mwaka 1975, nafasi yake ikachukuliwa na Murtala Mohammed, naye wa Sandhurst, aliyeuawa mwaka uliofuata. Walifundishwa kuamrisha vizuri. Utii kwa serikali ya kiraia haukuota mizizi kwa kiwango hicho hicho.

Tanganyika ilipata sura nyingine. Luteni Alexander Nyirenda, aliyepata kamisheni Sandhurst, ndiye aliyesimika bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni mwa Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Askari walipoasi Januari 1964 wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza, Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi hilo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa Septemba 1964, na mkuu wake wa kwanza akawa Mirisho Sarakikya, mhitimu wa Sandhurst. Alilijenga jeshi hilo kwa miaka kumi bila kuipindua serikali.

Ng’ambo ya bahari, Qaboos bin Said wa Oman aliingia Sandhurst mwaka 1960, kisha akatumikia kikosi cha Kiskoti nchini Ujerumani. Aliporudi, baba yake, aliyekuwa Sultani, alimweka mjini Salalah chini ya uangalizi mkali. Tarehe 23 Julai 1970 alimpindua kwa msaada wa Waingereza, akatawala hadi alipofariki Januari 2020. Aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa ughaibuni, wakiwemo waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi wao walishika kazi za ualimu, udaktari na uhandisi katika dola aliyokuwa akiijenga upya.