Somo la Redio: Dawa Mbili za Malaria Kali

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: USHAHIDI.

Leo twasoma habari za dawa mbili. Ya kwanza ni kwinini, itokayo katika ganda la mti wa Amerika ya Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, ndio walioitenga na ganda hilo mwaka 1820. Kwa miaka mingi iliokoa wagonjwa mahututi, ingawa wazee wanajua jinsi ilivyovumisha masikio. Ya pili ni artesuneti, iliyotokana na mmea wa Kichina.

Mwaka 2005 madaktari walitangaza matokeo ya jaribio la Asia. Wagonjwa 1,461, wengi wao watu wazima, waligawiwa dawa hizo kwa kura. Waliopewa kwinini walikufa 22 katika kila 100. Waliopewa artesuneti, 15. Mbona kura? Daktari akichagua mwenyewe, huenda dawa aipendayo akawapa wenye nafuu, kisha akaisifu kwa kazi isiyoifanya. Kura haina upendeleo.

Mtauliza, basi watoto wetu wangoje nini tena? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2006. Pahali penye malaria haba, artesuneti ikatangulizwa. Lakini kwa watoto wa Afrika, penye malaria nyingi, shirika halikuipendelea dawa moja kuliko nyingine, maana ushahidi haukutosha. Mtu mzima wa Asia mara nyingi hushindwa na figo. Mtoto wa huku aghalabu hupungukiwa damu au hushikwa na degedege. Dawa iliyomfaa yule, je, itamfaa huyu? Hapana aliyeweza kuapa.

Basi jaribio likafanywa huku kwetu, tangu 2005 hata 2010, katika nchi 9 za Afrika, Kilifi na Muheza zikiwamo. Watoto 2,713 walipewa kwinini, wakafa 297. Watoto 2,712 walipewa artesuneti, wakafa 230.

Mwaka 2011 shirika likabadili mwongozo. Ushahidi hupimwa kwa mfumo uitwao GRADE, wenye daraja nne: juu, wastani, chini, na chini sana. Jaribio moja zuri laweza kushushwa daraja likiwa dogo, au likiwa la watu wasiofanana na wagonjwa wetu. Safari hii ushahidi ukapewa daraja la juu, na shauri likawa la nguvu: artesuneti kwanza, kwa wakubwa na kwa watoto.

Miaka mitano ni mirefu kwa mama aliyefiwa. Hata hivyo mimi naona, bila jaribio lile, hospitali zilizoizoea kwinini zisingekubali kuiacha.

Sasa shikeni kalamu. Toeni 230 katika 297. Ni watoto wangapi? Mwalimu wa darasa atasahihisha. Kwaherini mpaka juma lijalo.