Fungu Dogo, Macho Mengi

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyaacha,

Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa shauri kwamba Chama kichange fedha za kununulia vitabu na magazeti ya maktaba ya shule. Shauri lilipitishwa kwa makofi. Lakini halikuulizwa ni nani atakayechagua, wala kwa kipimo gani. Mimi nilikuwa Katibu wa Kamati ya Maktaba, na kosa moja la kamati hiyo lina mkono wangu. Kwa hiyo naona ni wajibu wangu kueleza historia ya jambo hili kabla fedha hazijatoka mifukoni.

Tangu mwanzo, gazeti katika nchi zetu halikuwa mali ya mtu mmoja. Mwaka 1888 lilianza Msimulizi, gazeti la chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo, lililotoka kila mwezi kwa senti 10. Humo mlikuwa na habari za wilayani, mafunzo ya kilimo, barua za wasomaji na mashairi. Shaaban Robert ni mmoja wa waliolitumia kuwafikia watu. Senti 10 zaonekana kidogo leo, lakini kwa kibarua wa siku zile zilikuwa fedha. Marehemu baba yangu, aliyekuwa karani katika kiwanda cha kuchambulia pamba, alichangia gazeti hilo na wenzake wawili. Walisoma kwa zamu. Mwenye zamu ya tatu alilipata limechakaa, lakini ndiye aliyekuwa na haki ya kulihifadhi.

Wengine duniani walikwisha kuipita njia hiyo ya kuchangiana. Mwaka 1731, katika mji wa Philadelphia, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha maktaba ya wanachama. Watu 50 waliahidi kutoa shilingi 40 kila mmoja kwa kuanzia, kisha shilingi 10 kila mwaka. Kabla ya kuagiza vitabu vya kwanza kutoka London, walimwomba shauri James Logan, mtu aliyesifika kwa elimu. Huko London kwenyewe, mwaka 1936, mchapishaji Victor Gollancz alianzisha chama cha vitabu cha namna nyingine, kilichoitwa Left Book Club. Mwanachama alilipa shilingi 2 na peni 6 akapata kitabu cha mwezi, lakini kitabu chenyewe kilichaguliwa na watu watatu tu. Wanachama walifika maelfu mengi, hata hivyo mwaka 1948 chama kilikwisha. Mwaka huohuo ilianzishwa East African Literature Bureau, iliyokuwa na makao Nairobi. Pamoja na kuchapisha vitabu, ilivipeleka pia kwa posta kwa wasomaji walioishi mbali na maktaba.

Sasa nirudi shuleni kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1976 fungu la Kamati halikufika shilingi 500. Meza ya maktaba ilijaa majarida ya picha kutoka Peking na Moscow, ambayo hatukuyalipia, na ambayo wengi wetu tuliyatumia kujalidia madaftari. Vya kununua ndivyo vilivyotugawa. Upande mmoja ulitaka tuendelee na gazeti la Uhuru kila siku, na fedha zilizobaki zinunue vitabu vya bei nafuu vya waandishi wa Kiafrika. Upande wa pili, hasa Kidato cha Sita, ulitaka jarida moja la Kiingereza lililotoka Nairobi kila wiki, lenye karatasi za kung'aa. Tulisema kwamba Uhuru husomwa siku moja tu, ila jarida litatufaa katika mitihani. Kura zilikuwa tano kwa nne. Ya tano ilikuwa yangu.

Tulilipa fedha za mwaka mzima. Zikaja nakala tatu. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na ya nne hatukuiona. Katika mwezi huohuo, tarehe 5, TANU na ASP ziliungana zikawa CCM. Kabla mwaka haujaisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika. Huo ndio mwaka ambao shule yetu haikuwa na gazeti. Mengi katika mambo hayo tuliyasoma katika vipande vilivyofungia vitumbua.

Lakini si mpaka ulionisuta. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alikuwa na desturi ya kuchukua Uhuru baada ya chakula cha jioni na kuwasomea wapishi jikoni. Jioni moja mpishi mkubwa alinisimamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gazeti letu limekwenda wapi?"

Nikamweleza habari za fungu, kura na Kidato cha Sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na sisi mlituuliza?"

Sikuwa na jibu. Tulihesabu bei na kurasa, lakini hatukuhesabu wasomaji. Kuufungwa kwa mpaka hakuna aliyeweza kukujua mapema. Jikoni kulikuwa hatua hamsini kutoka maktaba.

Ndugu zangu, siku hizi habari huingia katika simu, lakini hata bando hununuliwa kwa fedha, na fungu la shule bado ni dogo. Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kwa kila gazeti au kitabu kinachopendekezwa, pauliwe: nakala hii moja itapita mikononi mwa wangapi? Pili, tusilipe mwaka mzima mahali tusipopajua. Tuanze na miezi mitatu, tuone kama nakala zinafika. Tatu, Kamati iwe na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza na mfanyakazi mmoja wa shule, wenye kura kama wengine. Akina Franklin walimwendea mwenye elimu wakafanya vyema. Sisi tulijiona wenye elimu, tukasahau kuwauliza wenye kiu.

Mpishi yule alikwisha kufariki. Mchango wangu nimekwisha kuukabidhi kwa Mweka Hazina, na juu ya bahasha nimeandika maneno matatu: "Wasomaji waulizwe kwanza."