Daniel Pauly: Mtaalamu aliyehesabu samaki wasiohesabiwa

KWA mujibu wa takwimu zilizowasilishwa na serikali kwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), mwaka 1996 zilivuliwa baharini tani milioni 86 za samaki duniani.

Miaka 20 baadaye, Daniel Pauly na mwenzake Dirk Zeller walichapisha hesabu tofauti: tani milioni 130. Kilichoachwa ni samaki wa wavuvi wadogo, wale wanaotupwa majini na wale wanaovuliwa kinyume cha sheria.

Wawili hao walibainisha pia kuwa tangu mwaka huo samaki wanaovuliwa wamekuwa wakipungua kwa kasi kubwa kuliko takwimu rasmi zilivyoonyesha.

Pauly alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1946, akakulia Uswisi na kusomea Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1979. Kabla ya hapo alifanya utafiti nchini Ghana na kazi nchini Indonesia.

Akiwa Manila, Ufilipino, alibuni njia ya kukadiria ukuaji wa samaki kwa kuwapima urefu, kwani kutambua umri wa samaki wa nchi za joto ni kazi ngumu.

Yeye na Villy Christensen waliendeleza Ecopath, modeli ya kompyuta iliyoanzishwa na Jeffrey Polovina huko Hawaii. Modeli hiyo hufanana na daftari la mahesabu: kila kiumbe kinacholiwa lazima kionekane kimetoka wapi na kimeliwa na nani. Imetumika pia katika Ziwa Victoria, ambako sangara aliyeingizwa alibadili maisha ya samaki wengine.

Mwaka 1995 Pauly alionya kuwa kila kizazi cha wataalamu huichukulia hali kiliyoikuta kuwa ndiyo ya asili, hivyo hasara ya zamani husahaulika. Mwaka 1998 alidai kuwa uvuvi unamaliza samaki wakubwa na kuhamia wadogo, hoja iliyopingwa na baadhi ya wataalamu.

Mwaka 1999 alianzisha mradi wa Sea Around Us katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Mwaka 2023 alitunukiwa Tuzo ya Tyler pamoja na Rashid Sumaila.

Hoja yake ina uzito kwa wavuvi wa pwani: samaki wao wasipohesabiwa, nao husahaulika sera zinapopangwa.