Hendry Sawe: Tafiti zake za tiba ya dharura na maana yake kwa Karagwe na Kyerwa

Bodaboda ikipinduka Murongo, au nyuki wakimvamia mtu shambani Nkwenda, kinachofanyika ndani ya saa ya kwanza ndicho huamua mengi. Saa hiyo ndiyo inayochunguzwa na Dkt. Hendry Sawe, daktari bingwa wa magonjwa ya dharura na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS).

Kazi zake nyingi zina waandishi wengi, jambo la kawaida kwenye tiba. Majina yanayojirudia pembeni yake ni Juma Mfinanga, Victor Mwafongo, Michael Runyon na Teri Reynolds. Wote walikutana kwenye Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyofunguliwa 2010. Kabla ya hapo Tanzania haikuwa na idara kamili ya dharura kwenye hospitali ya umma. Mwaka huohuo MUHAS ikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo, na mwaka 2012 timu hiyo ikaandika hatua zote hizo kwenye jarida la Journal of Public Health Policy.

Andiko jingine ni la 2014. Sawe na wenzake walipitia kumbukumbu za wagonjwa mahututi, zaidi ya 5,000, waliolazwa ICU za hospitali nne kubwa: Muhimbili, KCMC, Mbeya na Bugando. Zaidi ya wagonjwa 40 katika kila 100 walifariki. Bugando, iliyopo Mwanza, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, kwa hiyo mgonjwa wa Kayanga akizidiwa na Bukoba ikashindikana, safari inaweza kuishia huko, ng'ambo ya ziwa.

Linalogusa zaidi wilaya za pembezoni ni la 2017, kwenye BMC Emergency Medicine. Watafiti walichagua siku moja tu, wakahesabu majeruhi waliofika hospitali zote za umma za wilaya na mikoa nchini. Ni njia rahisi na ya gharama nafuu, ila siku moja haiwezi kuonyesha msimu wa mavuno wala wiki ya sikukuu. Tena kichwa cha utafiti kinasema hospitali za umma. Huku watu wengi hukimbilia Nyakahanga, upande wa Karagwe, au Isingiro, upande wa Kyerwa, na zote mbili ni za makanisa. Kwa hiyo takwimu zile zisichukuliwe kuwa picha kamili ya wilaya hizi.

Mwaka uliofuata, 2018, alishiriki utafiti ulioongozwa na Koka kuhusu utayari wa hospitali za mikoa kukabili maafa. Kagera inalielewa hilo bila kufundishwa: MV Bukoba ilizama 1996, tetemeko likapiga 2016.

Halafu ikaja fomu. Ndiyo, karatasi tu. Mwaka 2020 Sawe alichapisha kwenye BMJ Open namna hospitali za mikoa zilivyojaribu fomu moja ya kujaza taarifa za majeruhi. Kabla ya hapo taarifa zilitawanyika kwenye madaftari, nyingine hazikuandikwa kabisa. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini majeruhi asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi dawa, damu wala mashine.

Vipi kuhusu mzio, au aleji kama wengi wanavyosema? Haumo kwenye vichwa vya maandiko hayo. Unaingia kwa mlango wa pembeni, kupitia mafunzo ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Mafunzo hayo yalijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia, na matokeo yakatoka 2019 kwenye PLoS One, Sawe akiwa miongoni mwa waandishi. Wanaofundishwa ni wahudumu wa mstari wa mbele, wakiwemo wauguzi, si mabingwa peke yao.

Hilo la wauguzi lina mfano jirani. Ukivuka mpaka wa Murongo na kuendelea hadi wilaya ya Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, kuna Hospitali ya Nyakibale. Mwaka 2012 Mark Bisanzo na wenzake walichapisha jinsi wauguzi waliofunzwa pale walivyowapa wagonjwa wa dharura ketamini ya usingizi kwa usalama.

Mzio mkali, uwe wa nyuki, sindano ya penisilini au chakula, dawa yake ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mtu mzima hupewa nusu miligramu, mtoto kulingana na uzito, na hurudiwa baada ya dakika tano kama hali haijatulia. Haidrokotisoni na vidonge vya aleji si mbadala wake. Adrenalini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya taifa, haihitaji mashine wala bingwa, na inatakiwa iwepo hata zahanati, maana kutoka Kayanga hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100 na koo iliyovimba haisubiri gari. Namba 115 ya M-Mama ni kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Hata akipata nafuu, mgonjwa abaki kituoni akiangaliwa kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi.