Kisa kimoja kama kipimo: asili ya mbinu moja katika kazi ya ustawi wa jamii

Mwaka 1917, Mary Richmond alitoa huko New York kitabu «Social Diagnosis», ambamo alifundisha jinsi ya kukusanya habari za mtu mwenye shida kabla ya kumsaidia. Jalada la mtu mmoja likawa nguzo ya kazi ya ustawi wa jamii nchini Marekani. Hata hivyo, jalada lilisimulia bila kupima.

Mashaka yalizuka baadaye. Kuanzia 1939 hadi 1945, wavulana wa miji ya Cambridge na Somerville walipewa washauri, na wengine wakaachwa bila msaada huo ili walinganishwe nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1951 hayakuonyesha kwamba ushauri ule ulizuia uhalifu. Mwaka 1973, Joel Fischer alichambua tafiti 11 za namna hiyo, asipate ushahidi kwamba msaada wa wataalamu ulifaa. Makala yake ilizua ubishi mkubwa.

Jibu moja lilitoka katika saikolojia ya tabia, ambako B. F. Skinner alikuwa amezoea kumchunguza kiumbe mmoja kwa muda mrefu. Wastani wa kundi humficha mtu: aliyepona na aliyezidiwa hufutana katika hesabu. Kwa hiyo mtu alilinganishwa na nafsi yake. Tabia yake huhesabiwa mara nyingi kabla ya msaada, kisha wakati wa msaada, na hesabu zote huchorwa katika grafu. Ili kuthibitisha chanzo cha badiliko, msaada huondolewa kwa muda, halafu hurudishwa.

Hapo ndipo penye utata. Ni nani atakayemnyima mzazi msaada uliomzuia kumpiga mtoto, eti kwa ajili ya grafu? Baer, Wolf na Risley, katika makala ya 1968, walieleza njia nyingine: msaada uanzishwe kwa zamu juu ya tabia mbalimbali, bila kuondolewa. Martin Bloom na Fischer waliandika kitabu cha mafunzo ya tathmini hiyo mwaka 1982.

Kisa kimoja hakitoshi kuwahukumia watu wote. Hudai kurudiwa kwa wengine. Lakini kilirudisha swali mahali pake: si kama msaada unafaa kwa jumla, bali kama umemfaa huyu aliyekuja kuuomba.